Mjomba na Konyeza wa Raskazone

Sisi wa Hanang na Mbulu hatuna unyonge mbele ya kitu kinachowasha. Upupu tunaujua, siafu tunawajua, nyuki ndio usiseme. Kwa hiyo tulipoteremka Tanga, Coaster nzima, kumsindikiza bwana harusi, hakuna aliyedhani kwamba bahari ina jipya la kutufundisha.

Kulipokucha vijana wakataka kuona ufukwe wa Raskazone. Mjomba, mkulima wa vitunguu saumu kule Mbulu, aliuliza swali moja tu: "Humo kuna viboko?" Kwa mtu aliyeyazoea maziwa ya Basotu na Babati, hilo ndilo swali la usalama wa maji, mengine yote ni maelezo. Akaambiwa hakuna. Akakunja suruali hadi magotini, akaingia.

Karibu na ukingo alikuwa akielea konyeza, yule wa mviringo, mwangavu, mwenye viduara vinne vya zambarau katikati. Mjomba akamwinua kwa mikono miwili, akamgeuza, akamchungulia kama anayekagua mbuzi mnadani. Hakuhisi kitu. Konyeza wa aina hii sumu yake ni hafifu kuliko ya wenzake wengi, na viganja vilivyoshika jembe tangu utotoni haviingiliki kirahisi. Akamrudisha majini na kututangazia kwamba watu wa pwani ni waoga. Kisha akajifuta jasho shingoni na mdomoni.

Shingo haijawahi kulima.

Ukelele alioutoa ulisimamisha watoto waliokuwa wakicheza mpira mbali kule. Konyeza hana meno wala mwiba. Ana vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na uzi wenye sumu uliojikunja ndani; kikiguswa, kinafyatuka. Vifuko hivyo hubaki kwenye ngozi hata mwenyewe akienda zake, na Mjomba alikuwa amevipaka mwenyewe, kwa uangalifu, hadi nyuma ya masikio.

Ukoo ukakusanyika kutibu. Shangazi akammiminia maji ya chupa, maana nyumbani kila kidonda huanza na maji safi. Maji yasiyo na chumvi yakavifyatua vifuko vilivyokuwa bado vimelala. Binamu akasugua kwa mchanga, vikafyatuka vilivyosalia. Ndipo kijana mmoja, aliyeona kitu kama hicho kwenye filamu, akashauri mkojo. Kukawa kimya. Mjomba akainua uso uliovimba mdomo, akauliza kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao: "Wa nani?"

Hakuna aliyejitolea, na bora hivyo, kwa sababu mkojo hausaidii na unaweza kuzidisha maumivu.

Aliyetuokoa ni mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pembeni. "Mzee wangu, usisugue. Shangazi, weka hiyo chupa." Akamwosha kwa maji yaleyale ya bahari, kisha akaagiza maji ya moto ya kuvumilika kwa mama ntilie. Hata madaktari hushauri hivyo: moto wa kiasi cha nyuzi 45, kwa dakika 20 au zaidi. Ujumbe wote wa bwana harusi ukakosa chai ya asubuhi kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye taulo shingoni mwa Mjomba.

Mimi nilichokuwa nakiwaza ni kwamba konyeza hana ubongo. Hana moyo, hana mifupa, karibu mwili wote ni maji. Na asubuhi ile aliwashinda watu wa Coaster nzima, wakiwemo walimu wawili.

Kurudi nyumbani nikafanya kosa la kuwa mkweli: nikamwambia Mjomba kwamba wapo konyeza wa maji baridi Ziwa Tanganyika, wadogo wa sentimita mbili hivi, na kwamba Mjerumani Richard Böhm aliwaona tangu 1883. Wale hawamdhuru mtu. Sehemu hiyo hakuisikia. Tangu siku hiyo haogi Basotu.

Lakini mnadani Katesh sasa ni bingwa. Majuzi kijana aling'atwa na nyuki, Mjomba akaamuru aoshwe kwa maji ya bahari. Bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Mtu akauliza kama ya Ziwa Balangida yatafaa, kwa kuwa nayo yana chumvi. Mjomba akatafakari, akasema yatafaa, na bei ya ushauri wake ni soda moja, ya baridi.