Diski ya Pili Inasingiziwa

Mnh! Hebu sogezeni hilo benchi kivulini, hili jambo halisemwi kwa kusimama.

Mama mmoja wa mtaa huu kaletewa DVD za harusi ya mwanawe, diski mbili ndani ya kasha lenye picha ya maharusi. Ndugu wamejaa sebuleni, soda zimefunguliwa. Diski ya kwanza ikaenda, watu wanashangilia: saluni, msafara, matarumbeta, maharusi wanaingia ukumbini wakicheza. Ikawekwa ya pili. MC anafunga mdomo, sauti yake bado inakuja. Bibi aliyetoka kijijini kuja kumbariki mjukuu wake anasimama, anasema maneno yake, anakaa. Dua yake inamalizikia hewani wakati yeye ameshashika glasi ya maji. Watoto wakaangua kicheko. Mama hakucheka, na mimi nilipohadithiwa nikasonya hadi muuza kahawa akageuka.

Fundi alipopigiwa simu alijibu nini? "Diski ya pili ndiyo mbovu mama, nakuchomea nyingine." Kachoma nyingine. Ni yaleyale. Kachoma ya tatu, akabadilisha na aina ya diski. Yaleyale!

Jamani, kichomeo hakijui mdomo wala sauti. Kinaandika kile kilichopewa. Ukikipa faili bovu, kitakupa diski mbovu, hata ununue diski za bei gani. Kuchoma upya bila kugusa faili ni kumhamisha mgonjwa kitanda ukasema umempa dawa. Na diski ya pili yenyewe inasingiziwa bure. Tatizo lake limeanzia diski ya kwanza, ila kule halikuonekana.

Nisikilizeni. Kamera ya video haichukui picha inayotembea. Inachukua picha za mnato mfululizo, tunaziita fremu, nyingi ndani ya sekunde moja. Mfumo wa PAL, ambao ndio wetu huku, unakwenda fremu 25 kwa sekunde. Mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani unakwenda fremu 29.97. Siyo 30, ni 29.97. Sasa fundi kasahau kamera yake kwenye NTSC, kaja kuediti, kompyuta inamuuliza fremu ngapi, yeye anaandika 30 kwa sababu namba inapendeza. Tofauti ni sehemu moja tu kati ya elfu. Nani ataiona?

Hesabuni wenyewe. Picha sasa inakimbia kidogo kuliko sauti. Baada ya dakika moja sauti imebaki nyuma kwa sehemu 6 kati ya mia za sekunde, jicho halijui kitu. Baada ya dakika 10 ni zaidi ya nusu sekunde. Baada ya saa nzima ni sekunde 3.6. Na katika ile saa ya kwanza kulikuwa na nini? Matarumbeta, magari, muziki wa kubandika juu ya picha za saluni. Hakuna mdomo wa kuusoma pale! Mdomo wa kwanza wa maana unaonekana diski ya pili, na wakati huo deni limeshafika sekunde tatu na ushee. Ndiyo maana kila mtu anainyooshea kidole diski ya pili.

Kuna mafundi wanaojitahidi, siwanyimi haki yao. Wanachukua diski ya pili, wanaivuta sauti mbele kwa sekunde 3.6, wanaangalia dakika mbili za mwanzo, mdomo na sauti vinalingana, wanachoma. Lakini hawakuangalia mwisho. Deni halikusimama, liliendelea kukua. Wakifika kwenye kukata keki na neno la shukrani, sauti imeshaachwa tena sekunde tatu nyingine. Ndugu zangu, hapa ndipo kazi yote ilipo: kuna sauti iliyohama, na kuna sauti inayoendelea kuhama. Tiba zake ni mbili tofauti.

Namna ya kuzijua ni rahisi. Tafuta tukio moja lenye mlio wa ghafla karibu na mwanzo wa mkanda: kofi, glasi zinagongana, kizibo cha shampeni kinaruka. Pima sauti imechelewa kiasi gani. Tafuta tukio la namna hiyo karibu na mwisho wa mkanda wote, siyo mwisho wa diski moja. Pima tena. Watengenezaji wa filamu hawakubuni kile kibao cha kugonga mbele ya kamera kwa mapambo. Kinawapa mahali pa kushikanisha picha na sauti. Wewe huna kibao, lakini harusi ina makofi ya kutosha.

Vipimo viwili vikilingana, mwanzo nusu sekunde na mwisho nusu sekunde, sauti imehama mara moja tu. Isogeze kwa kipimo hicho, umemaliza. Kabla hujasogeza, jaribu kwa VLC: kitufe cha J kinaiwahisha sauti na K kinaichelewesha, kila ukibonyeza ni milisekunde 50. Ukiona imekaa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, umeshapata namba yako bila kuharibu chochote.

Vipimo vikitofautiana, usisogeze! Hapo urefu wa sauti na urefu wa picha haulingani. Tiba ya kweli ni kurudi kwenye mradi wako wa kuediti na kuweka idadi ya fremu iliyo sahihi. Kama mradi umeshaufuta, toa sauti peke yake, ifupishe au irefushe kwa tofauti ya vipimo vile viwili kwa programu kama Audacity, halafu uirudishe. Kufupisha kwa sehemu moja ya elfu sikio halitagundua. Lakini mkanda wa fremu 24 ukichezwa kwa 25, tofauti ni asilimia 4 na ushee. Filamu ya saa mbili inaisha kwa dakika 115, na sauti ukiikimbiza hivihivi inapanda wembamba, karibu robo tatu ya nusu-toni. Mwanamuziki atakuuliza kwaya imefanywa nini. Hapo tumia kifaa cha kubadili mwendo bila kugusa wembamba wa sauti.

Kuna aina ya tatu, nayo ni sumbufu kuliko zote. Mkanda unakwenda vizuri dakika 20, ghafla sauti inaruka, inakaa hapo, mbele inaruka tena. Hizo ni fremu zilizopotea wakati wa kuingiza mkanda kwenye kompyuta, au kaseti iliyokwaruzika. Hakuna namba moja itakayokuokoa. Tafuta kila pengo, ulishone moja moja, au uingize mkanda upya ukiwa umefunga programu nyingine zote.

Na siku hizi tuna simu. Binamu karekodi neno la mzee kwa simu, fundi anaomba aichanganye na video yake. Simu nyingi hazina mwendo mmoja wa fremu. Programu ya kuediti ikichukulia mwendo ni mmoja, sauti itapotea njia. Pitisha kwanza video ya simu kwenye HandBrake, chagua mwendo wa fremu usiobadilika, ndipo uiingize kwenye kazi. Wenye filamu za AVI zenye sauti ya MP3 ya kipimo kinachopanda na kushuka nao wana shida hiyohiyo. Ibadilishe sauti iwe WAV kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa mwenzetu hapa kwenye benchi ananikatiza: "Kaka, mbona tumekua na muvi za kutafsiriwa za Lufufu, na Kenya wana DJ Afro, midomo hailingani hata kidogo na tulikuwa tunalipia kuziona kibanda umiza?" Mdogo wangu, Lufufu hakujifanya yeye ndiye anayesema kwenye picha. Alikuwa msimulizi, anakutafsiria na kukuchangamsha, na ulijua hivyo tangu anafungua kinywa. Lakini ngumi ya stelingi ilikuwa inalia inapotua. Bomu lilikuwa linalia linapolipuka. Ondoa hilo uone kama kibanda kingejaa. Na kuhusu kugawa diski, filamu za Kihindi za VCD, kama Sholay yenye zaidi ya saa tatu, ilibidi zigawanywe diski tatu kwa sababu VCD inabeba dakika 74 hadi 80 tu. Kugawa siyo dhambi. Kugawa ovyo ndiyo dhambi.

Na ugawaji una hila yake. Video ya DVD, na ya VCD vilevile, haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja nzima, kisha zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika, mpaka ije nyingine nzima. Kwenye DVD ya PAL fremu nzima mbili zinaweza kuachana kwa fremu 15, yaani sehemu 6 za kumi za sekunde. Ukikata katikati ya fremu nzima mbili, picha itasogea hadi fremu nzima inayofuata, sauti itakatwa palepale ulipotia kisu, na diski yako ya pili imeanza maisha na pengo linaloweza kufika nusu sekunde. Kwa hiyo rekebisha mkanda mzima kwanza ukiwa kipande kimoja, hakikisha mwanzo na mwisho vinalingana, halafu kata kwenye fremu nzima, pale tukio linapoisha. Usikate katikati ya nasaha. Fundi anayekata kwanza na kurekebisha baadaye anajipa kazi mara mbili na kuharibu mara mbili.

Mtaniambia nusu sekunde siyo kitu. Ni kitu! ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya mawasiliano, katika pendekezo lake la 1998 lilieleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu, na ikichelewa kwa 125. Kuchelewa tunavumilia zaidi kwa sababu ndivyo dunia ilivyo. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka linatua, kisha mlio unakufikia. Katika maumbile hakuna aliyewahi kuona sauti ikitangulia tukio. Basi kuchelewa nusu sekunde ni mara nne ya pale jicho na sikio vinapoanza kugundua, na sekunde tatu ni kumvua bibi wa watu heshima yake mbele ya wajukuu.

Na tusiwaonee mafundi kwa kila kitu. Kuna televisheni zinazochelewesha picha kwa kuichakata, na ukiunganisha spika za pembeni, sauti inaweza kutangulia. Kama kila diski nyumbani kwako, hata ya filamu ya dukani, ina kasoro ileile, tafuta kwenye mipangilio ya televisheni kabla ya kupiga simu ya lawama.

Wewe fundi, tunakuheshimu. Umesimama na kamera begani usiku mzima wenzako wanakula pilau. Usiiharibu kazi hiyo kwenye saa ya mwisho. Hifadhi mkanda mzima usiokatwa mpaka mteja aridhike, na kabla ya kukabidhi, angalia dakika tano za mwanzo na tano za mwisho za kila diski.

Na wewe mteja, unapokwenda kuchukua DVD zako, usimalizie hela mlangoni. Ingia, kaa, mwambie fundi aweke diski ya pili, apeleke mwishoni, pale watu wanapotoa shukrani. Angalia midomo. Ikilingana, lipa na uongeze ya soda. Isipolingana, mwachie kazi yake na umwambie aanze na diski ya kwanza.