Fahali na Ubinadamu Wake

Tangu jana jioni, jikoni ninakofanya kazi hapa Chicago, nasalimiwa kwa mlio wa ng'ombe. Muosha vyombo, mzee wa watu kutoka Puebla, Meksiko, hunichomozea vidole viwili kichwani kila nikipita na trei.

Tulikuwa kwenye kikao cha saa za ziada, zile tunazozifanya na kutolipwa. Wapishi, wengi wao Wameksiko, walikuwa wameinamia viatu vyao, meneja anatazama simu. Nami nilikuwa na sentensi niliyoitunza tangu darasa la Kihispania: "Hay que coger al toro por los cuernos." Sharti kumkamata fahali kwa pembe zake, yaani tatizo likabiliwe ana kwa ana. Nikasimama, nikaishusha kwa sauti ya mhubiri wa mkesha.

Kimya. Kisha Doña, mama wa tortilla, akajifunika aproni usoni, na jiko zima likalipuka. Mzee wa Puebla akanivuta pembeni huku anafuta machozi. "Mijo, mwanangu, kwa Wahispania hilo ni kushika tu. Kwetu sisi..." Akamalizia kwa ishara isiyoandikika.

Hispania, coger ni kitenzi cha kutwa: unacoger basi, unacoger simu, unacoger mafua. Kivushe Atlantiki mpaka Meksiko au Argentina, kinageuka tendo la chumbani. Mgeni akiuliza basi la kucoger liko wapi, wenyeji hulionea huruma basi.

Kinachonichoma ni kwamba sarufi yangu haikuwa na doa. "Hay que" haina nafsi. Hailengi mimi wala wewe, inamfunga kila aliyemo chumbani, meneja akiwemo. Halafu hiyo "al" ni a na el zilizoungana, na humo ndimo utamu ulimo. Mtendwa akiwa mtu, Kihispania humtangulizia a. Gari unaliona hivi hivi. Mama unamwona kwa a. Mnyama naye huipata akipendwa, au akitazamwa kama mtu. Sisi hatuna ubaguzi huo: mbu ameniuma, shangazi amenipigia, ngeli moja. Kwa hiyo fahali wangu nilimpa kwanza ubinadamu kamili, ndipo nikatangaza tunachotakiwa kumfanya. Na pembe nazo! "Poner los cuernos", kumvika mtu pembe, ni kumsaliti mwenzi wako. Sentensi moja, dhambi mbili.

Isitoshe, usemi wenyewe haufanani na uwanja wa Hispania. Mpigana na fahali wa kule hakamati pembe. Anazikwepa, kitambaa kikimpoteza mnyama. Wanaojitupa usoni mwa fahali mikono mitupu ni forcados wa Ureno, wanane kwenye mstari, wa mbele akikumbatia kichwa katikati ya pembe. Huko Hispania anayecoger ni fahali mwenyewe: cogida ni kule kuchomwa pembe. Jeraha la namna hiyo ndilo lililomuua mpigana na fahali Ignacio Sánchez Mejías mwaka 1934, na mshairi Lorca akamtungia utenzi wa maombolezo.

Hayo yote nimeyachimba mwenyewe. Kitabu cha darasa kilichapwa Hispania, wala hakikudokeza kitu. Meksiko ina watu zaidi ya milioni 120, zaidi ya maradufu ya Hispania, na darasa lenyewe lilikuwa Chicago, kwenye mtaa ambao hata kinyozi ni Mmeksiko wa Michoacán. Ada ilipokewa yote.



Lakini aliyecheka kuliko wote kikaoni ni meneja, asiyejua Kihispania hata cha kuombea chumvi. Alicheka kwa sababu wengine wanacheka, akapiga makofi, akasema tumemaliza vizuri, turudi kazini. Sheria ya Marekani iliyotungwa mwaka 1938 inataka kila saa inayozidi 40 kwa wiki ilipwe mara moja na nusu, na fahali huyo bado anajilia majani. Ratiba mpya imeshabandikwa: Jumamosi nina zamu mbili. Doña amenishauri safari ijayo nitumie "agarrar", kushika kwa Kimeksiko, na kabla sijafungua mdomo nigawe kwanza nakala za karatasi zetu za mshahara.