Mchenza Usioogopa Barafu

Hapa Hail, Oman, baridi tunaitengeneza kwa umeme. Usiku wa Januari, joto likishuka hadi nyuzi 17, mama mkwe wangu huvaa soksi na kuuliza nani kaacha dirisha wazi. Katika nyumba hiyo ndimo mume wangu, Baba Salma, alimoingia na mche akitangaza, "Huu hauogopi barafu!"

"Barafu ya wapi?" mama akauliza.

Tukakalishwa tusikilize. Majira ya baridi ya 1894 na 1895, jalidi iliteketeza mashamba ya machungwa ya Florida. Mwaka 1897 mtaalamu Walter Swingle akachanganya mchungwa na jamaa yake wa Uchina, mti wa miiba unaopukutisha majani na kustahimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtoto wao akaitwa sitrenji. Mche wetu ulikuwa mchenza uliobebeshwa juu ya shina la sitrenji: juu utamu, chini ukaidi.

Kusema haki, haukuwa wa Hail. Ulikusudiwa shamba la rafiki wa Baba Salma lililoko mlima wa Jabal Akhdar, kule Saiq, mita 2,000 juu ya bahari, ambako jalidi huanguka kweli. Lakini mlimani hupandi bila gari la foo-wili. Polisi wanakurudisha pale kwenye kizuizi cha barabarani. Gari letu ni saluni, na hata tuta la barabarani hulivuka kwa bismillahi. Safari ikasogezwa wiki, wiki zikawa miezi.

"Basi tuupe baridi hapahapa," akasema, akauweka majlisi chini ya AC. Nyuzi 18, mchana na usiku. Wageni wakawa wanakunywa kahawa wamejifunika mitandio. Mimi nikapewa ndoo: nikinge maji yanayodondoka nje kwenye AC, kwa kuwa hayana chumvi, niuletee mti asubuhi na jioni.

Majani yakaanza kudondoka juu ya zulia. Jirani akataja ufagio wa mchawi, ugonjwa ulioangamiza ndimu za Batina tangu miaka ya 1970. Alimaanisha maradhi ya mimea. Mama, mzaliwa wa Unguja, alisikia neno moja tu. Magharibi ile ile akawasha chetezo, akauzungusha mti ubani mara tatu.

Bili ya umeme ya Aprili ilipofika, nikasema, "Mti utoke, au nitoke mimi." Mei ukapandwa uani. Gharbi, ule upepo wa joto wa jangwani, ukaukaanga kwa wiki moja. Baba Salma akakwangua gome kwa ukucha: pakavu. Chakula cha mchana hakukila.

Nami, kwa mazoea tu, nikaendelea kumwaga ndoo.

Julai, chini ya lile fundo la kubebeshea, chipukizi likatokeza. Likarefuka kwa kasi, kila kikonyo na majani yake matatu, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. "Umefufuka!" Baba Salma akapiga kelele, akapeleka tawi kwa mzee mmoja mtunza bustani.

Mzee akalitazama, akacheka. Mchenza ulishakufa, akasema. Hili ni shina lililoubeba. Likija kuzaa, matunda yatakuwa makali hayaliki. Na umanjano wa majani yake unatokana na chokaa ya udongo wetu: mizizi ya ukoo huo haiwezi kuvuta chuma cha kutosha humo.

Baba Salma alirudi na hukumu hiyo akatusimulia uani, kwa sauti ya msibani. Mama akalizunguka shina lile la miiba, akaligusa kwa ncha ya bakora.

"Kumbe aliyebebwa kafa," akasema, "aliyebeba ndiye yuko."

Kisha akageuka, akanikuta nimesimama na maji yangu ya jioni.

"Mwanangu, weka ndoo chini. Mwenye mti yupo."