Waseminari Wamerudi Ligalani

Mchew! Mmewaona wale vijana watatu waliopanda mlima jana jioni, magodoro kichwani, jasho linachuruzika kama wametoka ziwani kuvua ndagala? Ndio hao hao, watoto wa mtaa wetu wa Mutanga Nord. Wamemaliza seminari ndogo kule Kanyosha, na mtihani wa Leta, yaani wa serikali, wameshaufanya. Esansi mjini haikuwepo, na basi lisilo na esansi ni kibanda tu. Basi wakaukata mji wote kwa miguu, kusini hadi kaskazini, wakavuka mto Ntahangwa, wakatua mizigo hapa ligalani, kijiweni petu, chini ya mwembe wa kinyozi. Hata maji hatujawapa, tukaanza kuwasema.

Tulianza na mrefu. Jamani! Maharage yote ya seminari yameishia miguuni. Akisimama mlangoni, kinyozi anawasha taa mchana. Akilala, godoro linakwisha magotini. Lakini huyu huyu, kila likizo ya Noeli, bomba likikauka, alikuwa anamchotea maji yule bibi wa nyumba ya kona, bidoni mbili mbili, kabla watu hawajaamka. Hakutumwa na mtu. Nilimwona mimi kwa macho yangu, na jana nililisema mbele ya watu, mwenyewe akainama kwa haya. Kuinama kwake kulichukua muda.

Wa pili, mfupi, mdomo Kilatini. Likizo iliyopita alikula mayai mawili kwa deni. Alipodaiwa, akafungua Kilatini kirefu kama misa ya Pasaka. Muuza mayai akavua kofia, akainamisha kichwa, akidhani anabarikiwa. Deni likapotelea hapo! Tunacheka mpaka leo. Huyo ukimpa Mahakama Kuu, jaji ataomba maji.

Wa tatu golikipa, viganja kama majembe. Mama yake ana kitambaa cheupe ndani ya sanduku, anangoja kushona kanzu ya padri. Na kijana anataka umeme, waya na mota. Ameshatengeneza redio nusu ya mtaa. Anaogopa kumwambia. Mama, nakusihi mbele ya ligala lote: seminari ndogo ni sekondari, mtihani wake ni ule ule wa Leta. Upadri una seminari kuu yake na miaka yake, na wengi hushukia njiani wakawa walimu na madaktari wazuri. Kitambaa kile kitatosha shati la harusi.

Hapo ndipo mzee wetu mmoja, dereva wa zamani wa lori, akasema polepole: "Na wale wa Buta walikuwa hivi hivi."

Mashine ya kinyozi ikazimwa.

Buta ni kule Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, wenye silaha waliingia kwenye mabweni ya seminari ndogo, wakaamuru vijana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakabaki pamoja, na 40 kati yao wakauawa. Mwaka 2019 Kanisa lilianzisha rasmi kesi ya kuwatangaza wenyeheri, na mimi naiombea kila Jumapili. Ila nikiwawaza siwaoni kama watakatifu wa picha ya ukutani. Naona kwamba humo lazima alikuwemo mmoja ambaye godoro halikumtosha. Alikuwemo wa kuringia Kilatini. Alikuwemo wa kuficha jambo kwa mama yake. Hao hawakupanda mlima wa kwao na sanduku, wakakuta wababa wamekaa wanawangoja kuwatania. Kwa hiyo wa kwetu wakirudi, mimi nawasema mpaka sauti inikauke, na asinizuie mtu.

Vijana walikuwa wamesimama kimya. Seminarini kwao nako kisa hiki hufundishwa, lakini hakisikiki kama somo ukiwa na miaka yao. Mzee akasogea kwenye benchi, akapapasa ubao pembeni yake. Wakakaa wote watatu, kwa mara ya kwanza. Hapa mtoto wa shule husimama.

Golikipa ndiye aliyeuliza kama mayai yamebaki. Yalikuwepo, na pilipili yake. Mrefu alikula manne. Ulipofika wakati wa kulipa, muuza mayai akampita mrefu, akampita golikipa, akasimama mbele ya mfupi, mkono wazi:

"Leo kwa Kiswahili, mwanangu."

Akalipa. Na yale mawili ya zamani.