Sifa za Kanuni ya Vitu Vitatu

Waheshimiwa mashujaa, wachawi, wezi mliosamehewa, na ninyi ambao wahusika wenu waliliwa na joka kikao kilichopita, itifaki imezingatiwa. Upanga unaowaka moto umeshasifiwa vya kutosha. Joka nalo limeimbwa hadi limevimba kichwa. Mimi nimesimama kumsemea mnyonge ambaye hakuna mchezaji aliyewahi kumwombea dua njema: ile kanuni ya Dungeons & Dragons inayomwambia shujaa aliyeokoa falme mbili kwamba mwisho wa kufungamana na vifaa vya kichawi ni vitatu, basi.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni mepesi. Watu wanaizunguka meza. Mmoja ni msimamizi, anasimulia dunia na kuyasemea mazimwi, na kila aliyebaki ana mhusika wake. Dadu zinaamua nani anapona. Wahusika wanashuka mapangoni kuua na kuokota, na tukisema kweli, kuua ni taratibu tu za kufikia kuokota. Wanatoka na pete, majoho, fimbo na mikanda. Lakini vifaa vingi vya maana havimtii mtu hivihivi. Sharti akae saa nzima amekishika kifaa, akikitafakari, kimoja kwa kila mapumziko, mpaka wafungamane. Vikifika vitatu, cha nne kinabaki pambo.

Nianze na ukoo, maana mheshimiwa huyu hakuokotwa jaani. Tangu mchezo ulipotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, mizigo ilipimwa kwa sarafu za dhahabu. Katika toleo la AD&D lililofuata, sarafu 10 zilikuwa ratili moja, na upanga mrefu ulikuwa na uzito wa sarafu 60. Tazameni hekima ya wazee! Kila aliyebeba upanga wa akiba alijua kwa hesabu kamili ameacha dhahabu kiasi gani pangoni.

Shangazi yake alikuwa kanuni ya pete. Pete mbili ruksa. Ukivaa ya tatu, zote zinagoma. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Shangazi alikuwa mkali kuliko wahenga: kwake, mshika tatu zote humponyoka. Mjomba naye alimlea paladini, yule askari mcha Mungu wa kitabu cha mwaka 1978, aliyeruhusiwa vifaa vya kichawi kumi tu maisha yake yote: deraya moja, ngao moja, silaha nne na vinginevyo vinne. Alikatazwa pia kujilimbikizia mali, na kwa sababu hiyo ndiye peke yake kundini aliyeweza kukimbia.

Kisha ukoo ukapata msukosuko. Toleo la tatu, mwaka 2000, liligawa nafasi kwa viungo: kichwani, machoni, shingoni, mabegani, kiunoni, miguuni. Kikomo kikawa mwili wenyewe, na kila kiungo kikadai haki yake. Shujaa aling'aa kutoka utosini hadi unyayoni, wachezaji wakamwita mti wa Krismasi. Ukimvua vyote hivyo, chini yake hukuti mtu; unakuta msumari wa kutundikia.

Mwaka 2014, toleo la tano likamtawaza mheshimiwa wetu, na hesabu zikarudi kwenye adabu. Chukueni askari mwenye deraya kamili na ngao; kinga yake ni 20. Zimwi linarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 6, kwa hiyo likipata 14 au zaidi limempata. Mpeni pete ya kinga na joho la kinga, kila kimoja kinaongeza 1. Sasa zimwi linahitaji 16. Bado ni pigano, na watu mezani bado wanasogeza viti. Mruhusuni vidude vinne zaidi vya namna hiyo, na zimwi linabakiwa na upande mmoja tu wa dadu, ule wa 20. Hapo limekuwa kibarua aliyekuja kupigwa bila ujira. Kwa hiyo Kanuni ya Vitu Vitatu ndiye mtetezi pekee wa mazimwi, na niambieni, tangu lini mazimwi yakapata wakili?

Lakini matendo yake makuu huonekana mtu anapookota cha nne. Mwangalieni huyo askari amekutana na mkanda wa nguvu za jitu, na tayari ana pete, joho na upanga wa moto. Anauvaa mkanda, anajaribu kuinua mwamba, mwamba unamtazama. Anaanza kuitetea pete. Analitetea joho kwa maneno ambayo hajawahi kumtetea nayo mama yake. Anauliza kama upanga nao kweli unahesabika. Anafunua kitabu, akiomba wachapaji wawe wamekosea. Wenzake wameshamaliza chai. Nje ya pango orki wamenoa silaha na wanasubiri kwa heshima. Mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa figo, anasema, "Haya, pete chukua wewe," na kumkabidhi yule mponyaji ambaye kila kikao huanguka wa kwanza.

Hapo ndipo ninapowaomba makofi. Hakuna ukurasa unaomwamuru mchezaji awe mkarimu, na ungekuwepo usingesomwa. Pupa yetu ni ileile. Imefungiwa mlango mmoja, ikatokea mlango wa pili ikiwa imevaa kanzu ya ukarimu. Asingekuwepo mheshimiwa huyu, mwenye nguvu angevaa vyote na mponyaji angezikwa na fimbo yake ya mti mtupu.

Maadui hawakosekani. Mkubwa wao ni ule mfuko unaomeza ratili 500, karibu kilo 227, huku wenyewe, katika kitabu cha mwaka 2014, ukibaki na uzito wa ratili 15, na hauhitaji kufungamana na mtu yeyote. Walimbikizaji wote wameweka makao humo. Ila ukitoboka, kila kilichomo kinatawanyika katika ulimwengu mwingine. Na mjanja akiutia ndani ya shimo la kubebeka, kifaa kingine cha kichawi, ili apate nafasi mara mbili, mfuko na shimo vinaangamia, na waliosimama jirani wananyonywa kwenda huko huko. Kuna pia waliojaribu kuvaa kiatu cha kunyatia mguu wa kushoto na cha kurukia mguu wa kulia, wafaidi viwili kwa nafasi moja. Kitabu kiliwaona kabla hawajazaliwa: viatu vya pea mbili tofauti havifanyi kitu, labda kumchekesha adui.

Tumshukuru pia kwa vilivyolaaniwa. Shoka la wazimu ukishafungamana nalo halikupi ruhusa ya kuachana. Linakaa katika moja ya nafasi zako tatu, na ukijeruhiwa linaweza kukugeuza umcharange rafiki aliye karibu. Bila kikomo, laana ingekuwa kero ndogo kati ya vifaa ishirini. Kwa kikomo, imekula theluthi ya utajiri wako. Huko ndiko kuiheshimu laana.

Mwasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sawa. Lakini kuna fundi, yule mtengeneza vifaa, ambaye akifika ngazi ya 10 anaruhusiwa vinne, ya 14 vitano, ya 18 sita. Msiulize kwa nini. Msumeno aliunoa yeye.

Kwa hayo machache, naomba kanuni hii idumu milele, isiguswe na msimamizi mwenye huruma wala mchezaji mwenye machozi, na imbane kila mhusika bila kujali cheo wala ukoo; isipokuwa wa kwangu, ambaye jana ameokota taji, na ambaye mazingira yake, mkiyasikiliza kwa utulivu, ni ya kipekee kabisa. Waheshimiwa, naomba kutoa hoja.