Namna ya Kufundisha Muziki kwa Bando, Madirisha Yakiwa Yamefungwa

Mwalimu mwenzangu wa shule za Msimbazi na Kariakoo, hongera na pole. Hongera kwa kuwa mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, na muziki umo humo. Pole kwa kuwa umepewa wewe. Muziki hukuusomea, ulisikika tu siku ya mahafali ukiongoza wimbo wa kuwaaga darasa la saba, mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa furaha, na muhula uliofuata jina lako likaonekana kwenye ratiba. Usihangaike. Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Ukifuata maelekezo haya utafika Desemba salama, mthibiti ubora ameridhika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeguswa na muziki.

Vifaa kwanza. Kile kishikwambi ulichogawiwa baada ya Sensa ya 2022, kama bado hakijawa mali ya wanao na katuni zao, kichukue ukichaji. Kisha shuka Mtaa wa Aggrey ukanunue spika ndogo ya bluetooth. Muuzaji ataijaribu mbele yako kwa singeli mpaka meza itetemeke. Darasani, mbele ya watoto mia, itanong'ona kama muumini anayeungama. Bando ni juu yako. Fungu la shule linaijua chaki, MB bado hazijatambulishwa kwake.

Ukishaingia darasani, funga madirisha. Hatua hii wengi huipuuza, kumbe ndiyo msingi wa somo zima. Nje kuna mmachinga aliyejirekodi mara moja akaiacha spika irudie tangu asubuhi: mwito, pumzi, bei, mwito, pumzi, bei, kwa mapigo yasiyoteleza hata nukta. Mwenzake wa meza ya pili amerekodi yake kwa sauti ya juu zaidi, na zile mbili zinapishana, zinakutana, zinapishana tena. Ukiwa na bahati mbaya, ni siku ya mechi na mashabiki wa Simba wako klabuni kwao Mtaa wa Msimbazi na ngoma na matarumbeta. Mtoto akikaa karibu na dirisha ataanza kugonga dawati kufuata vitu hivyo, na utapoteza dakika tano kumfundisha kutulia. Wapo duniani watu wanaosomea hadi shahada namna sauti zinazojirudia zinavyopishana. Hapa kwetu ni kelele. Funga.

Sasa tafuta video. Tafuta kwa Kiingereza, maana ukitafuta kwa Kiswahili unaweza ukapata kitu kinachohusika. Chagua ile ya mwalimu mwenye darasa la watoto kumi na wanane, zulia sakafuni, kila mtoto na filimbi yake ya plastiki. Watoto wako hawana filimbi; watatazama wenzao wakipuliza, na hiyo inaitwa ushirikishwaji. Kabla video haijaanza litapita tangazo la kubashiri mpira. Darasa zima litaliimba kwa pamoja, wasichana juu, wavulana wa nyuma wakitia besi ambayo hakuna aliyewafundisha. Wanyamazishe mara moja. Wanakatiza somo la muziki wa sauti mbili.

Wiki ya pili, pakua programu ya piano. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Gawa kwa watoto mia, kila mmoja anapata sekunde 24, ukichukulia kwamba kishikwambi kinaruka chenyewe kutoka dawati hadi dawati. Weka kwenye andalio la somo kwamba kila mwanafunzi amepiga piano. Si uongo.

Nota zina mitego yake. Video zitakuchorea mistari mitano na vichwa vya viluwiluwi, na utashawishika kuwaeleza watoto kuwa bila hiyo mistari hakuna muziki. Shikilia hapohapo. Usikubali kukumbushwa kwamba kwaya za nchi hii zimeimba nyimbo za sauti nne kwa zaidi ya karne kwa herufi tu, d, r, m, f, s, mfumo wa solfa uliotoka Uingereza ya karne ya 19 ukaletwa na wamisionari, na kwamba pengine mama wa mtoto wa dawati la tatu anauimba vizuri kuliko wewe unavyousoma ubao. Jihadhari hasa na tovuti ya Swahili Music Notes. Humo wanakwaya wa Kikatoliki wameweka nota za nyimbo zao kwa Kiswahili, na mtu anazipakua kwa bando la kawaida. Ni mfano mzuri kupita kiasi wa mtandao kufundisha muziki, umefanywa na watu wetu wenyewe, tena bila semina. Mwalimu mwangalifu hataugusa.

Vilevile usiulize darasani, "Nani hapa anajua muziki?" halafu ukasubiri. Hakuna atakayenyoosha mkono. Yule kijana anayepiga dufu kwenye kaswida kila Maulidi hatanyoosha, kwa sababu kwao ile si muziki, ni kaswida. Binti aliyefuata mdundiko kutoka Ilala mpaka Buguruni hatanyoosha, kwa sababu alichapwa kwa kuufuata. Andika: wanafunzi hawana maarifa ya awali.

Itafika mada ya muziki wa asili, na hapo mtandao utakupeleka safari ndefu. Ndiyo sehemu ninayoipenda. Ukitaka kuwasikilizisha ala za Tanganyika za zamani, utazifuata Afrika Kusini: Hugh Tracey alipita huku mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, na kazi zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, leo ipo Makhanda. Ukitaka zeze na ilimba za Wagogo kwa mkono wa Hukwe Zawose, mzee aliyefundisha miaka mingi Chuo cha Sanaa Bagamoyo, utapitia kampuni ya rekodi ya mwanamuziki Peter Gabriel, Uingereza. Mchiriku je? Muziki uliozaliwa kwenye vichochoro vya Dar kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na spika za honi? Albamu ya Jagwa Music, vijana wa Mwananyamala, ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Na singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, utaipata kwenye mkusanyo uliotolewa Kampala mwaka 2017. Kutoka shuleni kwako mpaka Mburahati ni nauli ya daladala. Kwa mtandao unapitia Uganda. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, naye alipanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti ya Unguja ipate kuuzwa Unguja, kwa hiyo tusiseme utaratibu ni mgeni.

Waonyeshe watoto ramani ya safari hiyo, kisha waambie waandike kwamba muziki wa asili unapatikana nje ya nchi. Wengine wataandika hivyo kwa imani.

Kuhusu muziki wa dansi, pita haraka. Ukizembea, mtoto atauliza kwa nini babu yake husema "sikinde" na "msondo" kana kwamba ni timu mbili za mpira, na utalazimika kueleza kwamba ni majina ya ngoma za Pwani yaliyochukuliwa na bendi za mjini. Kwamba NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila mara chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili, NUTA, JUWATA, OTTU, mpaka watu wakachoka wakabaki na Msondo. Kwamba Mlimani Park iliundwa 1978 na kampuni ya teksi, baadaye ikachukuliwa na shirika la DDC, na kwa miaka mingi ilipiga kwenye ukumbi wa DDC hapahapa Kariakoo. Utalazimika kuwasikilizisha magitaa matatu yakizungumza, solo, ridhim na besi, kila moja na lake, na hilo ni somo kamili la namna sauti zinavyopangwa. Limo YouTube, limetoka kwenye kanda za Redio Tanzania, mara nyingi limepandishwa na mtu asiyeandika jina la mpigaji. Dakika sita kwa wimbo mmoja. Bando linaisha, mwalimu. Ruka.

Mtihani wa mwisho uwe wa kuandika. "Taja ala tatu za muziki." Jibu sahihi: gitaa, piano, fidla. Aliyeandika dufu, zeze na marimba mpe nusu kwa kujitahidi. Aliyeandika "dawati" mwite mzazi wake.

Mwenzako akikuuliza ofisini kwa nini hukumwalika mwanamuziki mmoja mstaafu aje na gitaa lake kwa kipindi kimoja, mjibu kwamba hana akaunti, hana wafuasi, na hawezi kusimamishwa katikati ili darasa liandike.

Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, akarudi Msondo, na muda wote huo aliimba katika jiji hilihili. Alifariki Aprili 2014. Wapo wa rika lake na wanafunzi wake walio hai, wapo Ilala, Temeke, Kinondoni, na chai pamoja na nauli ya mmoja wao pengine haizidi bando lako la mwezi. Simu yako ina kinasa sauti. Waite muhula huu, warekodi, andika majina yao, upandishe wewe.