Barua ya Wazi kwa Idara ya Kusevu Bila Kuulizwa

Mkurugenzi,
Idara ya Kusevu Bila Kuulizwa,
Ndani ya Kihariri cha Msimbo.

YAH: PONGEZI KWA KUHIFADHI UHARIBIFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, salamu kutoka Mkuyuni, Mwanza. Huku umeme ukikatika usiku, kazi yetu huponea kwako. Nalisema mapema nisije nikaitwa mtovu wa shukrani. Kero ni bidii yako. Nikiinua vidole kwenye kibodi ili nifikiri, milisekunde 1000 tu, tayari umesevu. Mabano yamefunguliwa hayajafungwa, jina limefika nusu, nawe umeshaiamsha kompaila ije isome. Masikini inaporomosha makosa mekundu ukurasa mzima kwa mstari ambao hata mwenyewe sijaumaliza.

Hayo yanavumilika. Umahiri wako hasa uko kwenye mafaili yaliyokwisha kukompailiwa. La Java huanza na baiti nne, CA FE BA BE, zinazolitambulisha kwa mashine. Mtu akilifungua achungulie tu, kidole kikagusa kitufe cha nafasi, unalisevu kama maandishi ya kawaida ya UTF-8: kila baiti isiyosomeka unaigeuza kuwa baiti tatu, EF BF BD. Faili linanenepa na kufa papo hapo. Mashine inalikataa mlangoni, wewe unatangaza: imehifadhiwa!

Utasema, kompaili upya. Sawa, kwa yaliyo yangu. Lile tulilorithi kwa fundi aliyeondoka na msimbo wake, tulikompaili kutokana na nini?

Basi tunakimbilia kitufe chako kingine, Rejesha. Hapo nakuvulia kofia. Rejesha hulirudisha faili lilivyohifadhiwa mara ya mwisho. Na mara ya mwisho ni wewe, sekunde iliyopita, likiwa tayari maiti. Tumekata rufaa, tukamkuta mshtakiwa ndiye amekalia kiti cha hakimu. Na Git, mtunza historia ya msimbo, usinitajie: mafaili ya namna hii ndiyo tunayoiagiza iyapuuze.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 2011, katika Mac OS X Lion, Apple waliondoa amri ya kusevu kwa jina jingine, kompyuta ikaachiwa isevu yenyewe. Watu wakalalamika. Mwaka 2012, katika Mountain Lion, amri ikarudi, ila hadi ubonyeze Option ndipo uione. Angalau wao walitunza na matoleo ya nyuma.

Hata hapa sokoni Mkuyuni ya nyuma hutunzwa. Yupo mama muuza dagaa ninayemtengenezea programu ya madeni. Kaunta buku lake halijui ufutio. Mteja akilipa kiasi, anapitisha mstari mmoja wa kalamu juu ya 45,000, pembeni anaandika 30,000. Ya zamani inasomeka vilevile. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, kwenye hiyo kompyuta yako, namba iliyokatwa nitaionea wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, suala liko kwa Idara."

Ombi langu ni dogo. Faili lililokompailiwa lifungue kwa kusoma tu, na kabla hujaandika juu yake, uliza. Ukishindwa kuuliza, weka kando nakala ya jinsi lilivyokuwa nilipolifungua, ili Rejesha ipate pa kurejea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandika programu,
Mkuyuni, Mwanza.

Nakala: Kompaila, kwa taarifa na pole.